Firigisi ya Boma la Khakasa

Hapo zamani, na simaanishi zamani ile ya sungura kusema na fisi kuoa, nasema zamani hii ya juzijuzi, simu zikiwa tayari zina tochi, palikuwa na mjane mmoja kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Bungoma. Jina lake Khakasa. Sogeeni hapa. Na wewe wa mlangoni, ukiingia ingia, ukitoka toka, unatuletea baridi.

Khakasa alikuwa na boma lake, ng'ombe mmoja wa maziwa, kuku wengi, na mbwa aliyeitwa Ngoja. Mumewe, Situma, alikuwa ameshafariki, na watoto wao walikuwa wakubwa, kila mmoja na mji wake. Aliyebaki karibu ni ndugu mdogo wa marehemu, Makokha, mtu wa maneno machache mwenye maksai wawili wenye nguvu. Kila msimu wa kulima ulipofika, Makokha alikuja na plau akamlimia shemeji yake kabla hajagusa shamba lake mwenyewe. Hakuombwa, hakulipwa, na wala hakutaka kushukuriwa.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana hadithi yote inasimama juu ya kipande cha nyama kisichojaza kiganja. Kwa watu wale kuku si kitoweo tu, kuku ni heshima, na heshima yenyewe iko kwenye firigisi. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma. Mwenye boma asipokuwepo, ni ya yule anayemshikia kiti. Akija mgeni wa kuheshimiwa, mwenye kiti anaweza kumwachia kwa mkono wake mwenyewe. Haikatwi. Hairudi jikoni. Kuku mmoja, firigisi moja, mtu mmoja.

Basi tangu Situma azikwe, kuku akichinjwa kwa Khakasa, Makokha aliitwa. Alikuja, akaketi kwenye kiti cha ndugu yake, akaila firigisi taratibu, akasema, "Shemeji, nimeshiba," akaenda zake. Yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na yaliwatosha.

Siku moja ya mvua akaja msichana kutoka Norwe. Jina lake Marit. Alikuwa amekuja kujitolea katika shule ya chekechea ya kijiji, na Khakasa alikubali kumpa chumba. Alishuka kwenye pikipiki ameloa hadi soksi, nywele zimemganda usoni, anatabasamu tu. Khakasa akamtazama, akacheka, akasema, "Wewe ni Nafula." Ndivyo wanavyomwita mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua. Kuanzia hapo jina la Marit likabaki kwenye pasipoti.

Kesho yake kuku akachinjwa kumkaribisha. Makokha akaja, wazee wa ukoo wakaja, watu wakanawa mikono. Khakasa akaweka sahani mbele ya Makokha, firigisi juu. Makokha akamwangalia yule msichana, mtoto wa watu, mbali hivyo na mama yake. Akamwonea huruma. Akaichukua firigisi kwa vidole vyake, akaiweka kwenye sahani ya Nafula, akasema, "Karibu nyumbani."

Nafula akasema asante. Kiswahili alikuwa nacho, cha darasani, kile cha kuuliza kituo cha basi kiko wapi. Akaitazama ile firigisi. Akaibonyeza kwa kidole, akaona ni ngumu. Hakujua ni kitu gani, na aliona aibu kuuliza. Na chini ya meza alikuwepo Ngoja, ametulia, amemkazia macho. Nafula alikulia na mbwa, mbwa wa kulala miguuni pake, na alikuwa ameshamhurumia huyu kwa mbavu zake zilizotokeza. Akaishika firigisi, akainama, akampa.

Msicheke. Nimesema msicheke, mtu anaumia hapa.

Mezani alisikika Ngoja peke yake, anatafuna. Mzee mmoja wa ukoo akageuka kwa mama mwenye nyumba, akasema kwa Kibukusu, "Khakasa, siku hizi firigisi ya Situma inaliwa na mbwa?"

Khakasa akamwangalia Nafula. Msichana alikuwa anatabasamu, hajui lolote. Khakasa aliwajua wazee wake. Akisema ukweli, mtoto huyu atahamishwa boma leo hii, na ataondoka akijulikana kwa tusi ambalo hakukusudia kutukana. Roho ikamuuma. Akasema, kwa Kibukusu hichohicho, "Ni mimi. Nilimwambia kitu asichokipenda ampe Ngoja. Lawama ni yangu."

Makokha akamtazama shemeji yake. Akanawa mikono kabla hajala hata tonge moja, akachukua kofia yake, akatoka. Nafula akauliza, "Anaenda wapi?" Khakasa akamjibu kwa Kiswahili, "Ana kazi." Akamwongezea mchuzi.

Basi maisha yakaendelea. Nafula alikuja kufundisha, akajikuta anafundishwa kila siku. Mwanzoni alikuwa anapita njiani mbiombio kuwahi shule, kama mtu aliyeacha sufuria jikoni, na akina mama wakimwita alipunga mkono tu. Khakasa akamkalisha chini. "Mwanangu, hao unaowapita ni watu. Simama. Uliza wameamkaje, uliza watoto, uliza ng'ombe. Shule haitakimbia." Nafula akaanza kusimama. Akawa anachelewa shuleni, lakini mwalimu mwenzake naye alikuwa bado njiani anauliza habari za ng'ombe, kwa hiyo wakafika pamoja.

Alijifunza kuoga kwa beseni moja na maji yakabaki. Alijifunza kwamba chai ya watu haikataliwi, hata ukiwa umetoka kunywa nyumba ya jirani. Shuleni alikuwa ameleta michezo mingi ya kufundishia, watoto wakaipenda kwa wiki, kisha wakarudi kwenye vifuniko vya chupa. Nafula akachukia kidogo, halafu akaketi chini naye akahesabu vifuniko, na siku hiyo ndipo watoto walipoanza kumzoea.

Msimu wa kulima ukafika. Makokha akaja, akalima, akafungua maksai wake, akaenda zake bila kula. Khakasa alimpa Nafula birika la chai ampelekee. Makokha akasema, "Asante, nimeshiba." Hakugusa hata maji. Nafula akarudi akasema, "Mama, huyu mzee hanipendi." Khakasa akajifanya anachochea moto.

Msimu wa pili ukafika. Makokha akaja, akalima, akafungua maksai wake, akaenda zake bila kula. Na kuna jambo lingine Nafula aliliona: kuku wa Khakasa walizidi kuwa wengi, wanapanda hadi juu ya kitanda, lakini hakuna aliyechinjwa. Mayai waliyala. Kuku, hapana.

Halafu Khakasa akaanguka. Aliteleza kwenye tope akitoka chemchemi na mtungi wa maji, mguu ukavunjika. Ilikuwa karibu na siku za Nafula kurudi kwao. Watu wa shirika lake wakaja na gari kumchukua, mizigo ikiwa tayari. Nafula akasimama mlangoni akawaambia, "Mama hawezi kusimama. Nitaondoka akisimama." Wakamweleza habari za tiketi na utaratibu. Akawajibu palepale, "Nimewaelewa. Nitaondoka akisimama." Wakapanda gari, wakaenda.

Mjue kwamba watoto wa kuzaa wa Khakasa walipiga simu, na si kwamba hawakumpenda, kazi ziliwabana. Aliyemwinua kitandani ni huyu. Aliyemwosha ni huyu. Alikwenda chemchemi, akarudi nusu ya maji yamemwagika shingoni. Alimkamua ng'ombe, ng'ombe akampiga teke. Akasonga ugali, ukatoka na madonge, na Khakasa akaula wote huku akisema, "Umeiva," machozi yakimtoka kwa kucheka. Jioni Nafula aliukanda ule mguu kwa maji ya moto, na Khakasa alimsimulia habari za Situma, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya na kwa sauti kubwa. Wakapendana, nawaambia kwa ufupi. Mtu na mama yake.

Siku moja Nafula akasema, "Mama, umepungua mwili. Ngoja nichinje kuku upate supu."

"Hapana."

"Wako wengi. Mmoja alilala kwenye kiatu changu."

"Nikichinja," Khakasa akasema, "firigisi nitampa nani?"

Nafula hakuelewa. Ndipo Khakasa akamweleza habari za firigisi, yote, kama nilivyowaeleza ninyi: mwenye boma, mwenye kushika kiti, mgeni wa heshima. Nafula akasikiliza huku akipukuchua mahindi. Akauliza, "Kwa nini usile wewe? Boma ni lako."

"Mimi?" Khakasa akacheka. "Nimeisafisha tangu nikiwa msichana. Naipasua, natoa mchanga, nabandua ile ngozi ya manjano, naiosha mpaka inang'aa. Kuionja, hapana. Hata sijui ina ladha gani."

Mkono wa Nafula ukasimama juu ya hindi. "Mama. Ile ngumu, ya siku ya kwanza. Ile aliyonipa Makokha."

Khakasa akaivuta shuka mpaka kifuani.

"Ile niliyompa Ngoja."

"Hukujua, mwanangu."

"Na wewe uliwaambia nini? Siku ile, kwa Kibukusu, uliwaambia nini?"

Khakasa akatazama ukutani. Kisha akamwambia. Nafula akaliachia hindi, akalia kwa kwikwi, na Khakasa mguu wake ukiwa kwenye mto akawa hawezi kumfikia, anamwambia tu, "Yamepita, Nafula. Yamepita." Lakini hayakuwa yamepita, na wote wawili walijua. Mtu alikuwa analima shamba lile na njaa yake tumboni, akiamini shemeji yake ndiye aliyemtupia mbwa kumbukumbu ya ndugu yake.

Kesho yake, Nafula akamfuata Makokha shambani kwake. Akasimama, akauliza ameamkaje, akauliza watoto, akauliza maksai. Makokha akajibu yote. Halafu Nafula akasema, "Mzee, ile firigisi nilimpa mbwa mimi. Hakuna aliyeniambia nimpe. Mama alijitwika kosa langu ili nisifukuzwe. Nisamehe, lakini kwanza msamehe yeye, maana hana kosa."

Makokha akaegemea plau. Maksai wakaanza kula nyasi za kando.

"Alisema ni yeye," akasema mwishowe.

"Ni mimi, si yeye."

"Wewe nisingekukasirikia. Mgeni hajui." Akafuta uso kwa kofia yake. "Na mimi napita pale nanusa chai ya shemeji yangu, najifanya nimeshiba."

Basi mguu ukapona. Khakasa akasimama, akatembea kwa mkongojo, halafu bila mkongojo, na siku ya Nafula kuondoka ikafika kwa haki yake. Khakasa akamchinja jogoo aliyekuwa analala kwenye kiatu. Akaisafisha firigisi, akatoa mchanga, akabandua ngozi ya manjano, akaiosha mpaka ikang'aa. Wazee wa ukoo wakaja. Na Makokha akaja. Akasimama mlangoni kidogo, akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha ndugu yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nafula alikuwa anamwangalia. Alichokitaka ni kimoja tu, aondoke akiwaacha watu hawa kama alivyowakuta, mmoja akisema ameshiba na mwingine akiamini.

Khakasa akaweka sahani mbele ya Makokha. Firigisi ikawa pale juu.

"Shemeji," akasema, "hii ni yako. Ile ya kwanza ilikupotea, na uongo wangu ndio uliokutoa kwenye kiti hiki. Ungeniacha na shamba limejaa magugu, hakuna mtu angekulaumu. Umenilimia msimu baada ya msimu hukuonja hata maji yangu. Kula, nikuone unakula."

Makokha akaitazama. Akaisukuma sahani mpaka mbele ya Khakasa.

"Ni yako," akasema. Na kwa mtu wa maneno machache, siku hiyo alisema mengi. "Nilikuamini ubaya bila kukuuliza neno moja. Umebeba aibu isiyo yako, umeinyamazia, ili mtoto wa watu alale salama. Nani amelisimamisha boma hili tangu ndugu yangu aondoke? Mimi nalima na kuondoka. Wewe ndiye unayebaki. Mwenye boma ni wewe, na mwenye boma hana hata habari firigisi ina ladha gani."

Mzee wa ukoo akakohoa. Ni yuleyule aliyeuliza habari za mbwa. Wengine wakageuka kumtazama, wakitarajia aseme kwamba kwa desturi mke wa boma haili firigisi. Lakini mzee alikuwa anamtazama Nafula.

"Mnasahau," akasema, sasa kwa Kiswahili ili msichana asikie. "Siku ile Makokha alimpa huyu firigisi kwa mkono wake, akamwambia karibu nyumbani. Ile zawadi haijapokelewa mpaka leo. Mpeni. Aliyekuja ni mgeni. Huyu anayeondoka ni binti aliyekaa na mama yake mguu ulipovunjika. Akiila leo, lile neno la Makokha litakuwa limefika. Asipoila, ataondoka na tulichomkaribishia kikiwa tumboni mwa mbwa."

Akaichukua sahani, akaiweka mbele ya Nafula.

Nafula akatikisa kichwa. "Mimi ndiye niliyewavuruga," akasema. "Mwenye kosa hali kabla ya waliokosewa."

"Basi gawa wewe," Makokha akasema. "Mgeni hagawi, lakini wewe si mgeni. Ikikatwa si firigisi tena, na ikirudi jikoni tumekaa hapa bure. Kokote utakakoiweka, sisi tutanyamaza."

"Tutanyamaza," wazee wakasema.

"Tutanyamaza," akasema Khakasa, akafuta macho kwa kona ya leso.

Nje gari la kumpeleka likapiga honi. Nafula akaichukua firigisi kwa vidole vyake, kama Makokha alivyofanya siku ile. Ilikuwa na moto bado.

Akawaza: nikimpa Mzee Makokha, kiti kitakuwa kimepata mtu wake, na nitakwenda nikijua boma limepona. Lakini Mama ataisafisha nyingine, na nyingine, mpaka siku atakayoacha kusafisha, na hataijua ladha yake kamwe. Nikimpa Mama, atakuwa amekula mara moja maishani kilicho chake. Lakini Makokha atakuwa ametoka kwenye boma hilihili mara ya pili bila firigisi, na hawa wazee, ingawa wamesema watanyamaza, njiani wana midomo. Nikiila mwenyewe, nitakuwa nimempokea Makokha mkono wake, na nitakuwa mtoto wa hapa mbele ya watu wote. Lakini nitakuwa nimekula mimi, niliyelikoroga, mbele ya wawili waliolala na uchungu niliowaletea.

Akamwangalia Makokha. Makokha alikuwa anaangalia kofia yake. Akamwangalia Khakasa, na Khakasa alikuwa anamtabasamia tu, kama siku ile ya mvua. Chini ya meza Ngoja akainua kichwa. Nafula akamwambia, "Wewe, hapana," na watu wakacheka, hata Makokha, na kicheko kikaisha, na bado firigisi ilikuwa mkononi mwake.

Honi ikalia tena. Nafula akanyoosha mkono.

Mimi najua aliiweka wapi, na sisemi. Wala msiniambie angeikata, nimeshawaambia haikatwi. Kuku mmoja, firigisi moja, mtu mmoja. Yuko aliyelima bila kula. Yuko aliyebeba aibu isiyo yake na hajaonja maishani. Yuko aliyekosea bila kujua, akakaa gari likiwa mlangoni. Haya, mkono ni wako sasa, na nyama inapoa. Je, nani alistahili?